Mnazi Nilioubeba Hadi Mangea

Mwaka ule tulikula unga wa manjano. Wenye kalenda wanasema ni themanini na nne, mimi nausema kwa tumbo. Masika yalipita bila mvua, mahindi yetu yakakauka yangali mafupi kama vidole, kisha yakaletwa mahindi ya ng'ambo yenye rangi ya bizari, na maduka ya Malindi yakauza unga wake kwa foleni na kusukumana. Ukiusonga ulitoa harufu ya gunia lililolowa. Watu walisema ni chakula cha ng'ombe wa Wazungu. Tulikula, na hakuna aliyeota pembe. Mamake Mwanaesha, aliyetupangisha chumba kule mtaa wa Barani, aliusonga kwa tui la nazi badala ya maji ili harufu ife. Harufu haikufa, ilinenepa tu.

Nimeukumbuka mwaka huo kwa sababu Mwanaesha tumemzika mwezi uliopita. Mueni alikuja kwa basi la usiku kutoka Machakos, miguu imemvimba kama viazi, akaketi nami mkekani katika chumba kile kile tulichokuwa tukilala wasichana watatu, na tulikuwa tumebaki wawili. Nimezika watu wengi na kulia kumenichosha, siku hizi machozi yangu yanakuja yakitaka na yasipotaka nayaacha. Ndipo Mueni akasema, "Kadzo, unakumbuka ile mlima?" Wajukuu wangu wakatazamana wakacheka kichinichini, wakidhani vikongwe wanaota. Nina wajukuu kumi na mmoja. Mmoja anasomea unesi, mmoja anasomea ualimu, mmoja anaendesha gari la kubeba wagonjwa, na hakuna hata mmoja aliyepata kulala njaa mikononi mwangu. Lakini hawaamini kwamba miguu hii, ambayo leo inaomba ruhusa kwenda chooni, iliwahi kuendesha baiskeli kutoka Malindi hadi kilima cha Mangea kwa nusu ya siku. Basi nawaandikia.

Chumba chetu kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba na mkeka mmoja, na tulikuwa tukipokezana. Mimi na Mueni tulifua mashuka katika hoteli moja ya watalii, na aliyefua zaidi ndiye aliyelala kitandani. Mwanaesha alikuwa mtu wa kwao Pate, watu wa visiwani wenye maneno matamu, na kazi yake ilikuwa kushona kofia na kutuchekesha. Dirisha letu lilikuwa la mbao, na nje yake kaka yake aliegemeza baiskeli alizokuwa akiwakodisha watalii. Watalii walipokwisha baada ya Pasaka, baiskeli zilibaki ukutani zikiliwa na chumvi ya bahari. Tukaanza kuzichukua jioni. Kaka yake alijua akanyamaza, kwa kuwa tulizitia mafuta. Mwanaesha alijifunza akiwa amefunga buibui kiunoni kwa fundo kama mpagazi. Mueni aliingia mtaroni. Mimi niliingia ua wa makuti wa jirani aliyekuwa akioga, na goti la kushoto nililoumia siku ile ndilo linaloniamsha leo kabla ya mwadhini. Hakuna aliyetufundisha. Tulianguka mpaka tukaacha kuanguka.

Mjomba wangu Katana alikaa chini ya kilima cha Mangea, bara, ambako minazi haioti. Siku moja aliniletea habari kwa mtu aliyekuja mjini kuuza makaa: njoo Jumapili, pitia Ganda kwa mgema, kuna mnazi wa kunywa, ndiyo pombe yetu, nimekwisha kuuagiza, uniletee. Wazee wanapanda kilimani kuomba mvua, na koma wetu, wale waliotangulia, hawaombwi kwa maji matupu. Niliamini. Nani asingeamini mwaka ule? Hata walevi walikuwa wakiomba mvua. Nilichokihofia ni njia tu, na nilipowaambia wenzangu, Mueni aliacha sufuria aliyokuwa akisugua.

"Kuna mlima huko? Mlima kabisa?"

"Kilima," nikasema.

"Hata kilima nitachukua. Hapa kwenu ni tambarare tu mpaka macho inachoka."

Mwanaesha naye akasema hajaona kilima tangu azaliwe, isipokuwa lile jaa la nyuma ya soko, na kwamba msichana akiolewa hajaona kitu anakuwa kama kuku wa tenga. Ikawa ni matembezi. Baiskeli tatu, sima ya manjano iliyolala imefungwa kwenye jani la mgomba, samaki wa kukaanga, na maji.

Tulifika Ganda jua likichomoza. Mgema alikuwa ndiyo kwanza ateremke mnazini, na mnazi wenyewe ulikuwa tayari kwenye mtungi mkubwa wa plastiki, umezibwa kwa makumbi ili upumue. "Usiuzibe kabisa, mwanangu," akaniambia. "Ukiuziba, utakupasukia mgongoni." Kisha akaniangalia kwa upole ambao sikuuelewa, akasema, "Na uwe wa kheri." Nikaitikia amina, nikidhani ni kheri ya mvua.

"Tupokezane," nikawaambia wenzangu. "Kila mmoja kipande chake cha njia."

Mwanaesha akarudi nyuma. "Shoga yangu, nakupenda. Lakini mimi na pombe hatupandi baiskeli moja. Nikifa njiani nitamwambia nini Mola?"

"Utamwambia ni ya Kadzo."

"Ataniuliza, na keria ni ya nani?"

Nikamgeukia Mueni. "Usiniangalie," akasema. "Mimi nimeokoka juzi tu. Mchungaji hata hajanizoea."

Basi nikaufunga kwenye keria yangu kwa mpira wa tyubu, nikaubeba peke yangu. Mwislamu alikuwa na haki yake na mlokole alikuwa na haki yake, na mimi wakati huo sikuwa na dini ya kunisaidia. Sikuona ubaya wowote. Mzigo ni mzigo.

Mpaka Kakoneni njia ilitwambia maneno mazuri. Baada ya hapo ardhi ikawa nyekundu, miiba ikasogea karibu, na vilima vikaanza, kimoja nyuma ya kingine, kila ukimaliza hiki kinakuonyesha mwenzake. Mashamba yalikuwa yamebaki mabua. Ng'ombe walisimama kama vitanda vilivyotolewa nje. Sijapata kuchoka hivyo tena, hata kuzaa ni uchovu wa namna nyingine, kwa maana pale mwisho mtu anakupa mtoto. Mnazi ulichafuka kwa mitikisiko, ukatoa povu kwenye makumbi, povu likanitiririkia mgongoni na kwenye gurudumu, na nzi wa bara yote wakapata habari. Mteremkoni breki zililia na mtungi ukanisukuma kama mtu anayetaka kunipita. Mlimani ukanivuta nyuma kama anayenikataza kwenda. Leo nikikumbuka naona ulikuwa ukinishauri vizuri.

Kwenye kilima kirefu kupita vyote nilishuka, nikaegemea usukani, nikawaambia niacheni nife hapa. Mueni akalaza baiskeli yake, akaja nyuma yangu, akaweka mikono chini ya kiti.

"Na wokovu wako?" nikamuuliza.

"Mimi nasukuma baiskeli. Hiyo pombe ikipanda, imepanda yenyewe."

Mwanaesha alicheka mpaka akakaa chini njiani. Huko juu tulikutana na wanawake wakitoka kuchota maji mbali, vibuyu kichwani, nyuso kavu. Mmoja akauliza mnazi ni wa nani. Nikajibu ni wa mjomba wangu Katana. "Na wewe ndiwe Kadzo?" Ndimi. Wakatazamana, kisha wakapiga vigelegele, vifupi, vya watu wenye kiu. Sisi tulidhani wanashangilia wasichana wanaopanda baiskeli. Mwanaesha akawapungia mkono kama mke wa mkuu wa wilaya. Tuliondoka pale tumevimba vichwa.

Tulikula kileleni mwa kilima kile. Nyuma yetu bahari ilikuwa imebaki mstari mwembamba tu. Sima ilikuwa imekauka ikawa kama sabuni, tukaikata kwa meno. Mueni alitazama vilima mbele kwa muda mrefu, machozi yakimtoka. Mwanaesha akamuuliza ana nini, akasema ni upepo. Hapakuwa na upepo. Tukamwacha na upepo wake. Siku hizi watoto wakilia wanaulizwa mpaka waseme. Sisi tuliachiana nafasi, na sijui njia ipi ni bora, ila najua kwamba Mueni alikumbuka kutouliza kwetu kuliko alivyokumbuka kilima.

Tulifika kwa mjomba jua limepita utosi. Uwanja ulikuwa umefagiwa, mikeka imetandikwa kivulini ubavuni mwa nyumba, na wazee wameketi wakiwa wamevaa nguo safi. Niliwaamkia, "Shikamooni," wakaitika marahaba kwa pamoja, kwa furaha iliyozidi kiasi. Mjomba alikuja mwenyewe kunipokea baiskeli. Hakuniuliza habari za njia wala hakunipa maji. Alifungua mpira wa tyubu kwa mikono yake, akaunyanyua mtungi, akautazama umepungua kiasi gani, akaupeleka katikati ya mikeka. Nikasema moyoni, kweli watu wana kiu ya mvua.

Mkaza mjomba alituingiza ndani. Nyumba ilikuwa na giza zuri na harufu ya moshi wa zamani. Juu ya mafiga kulikuwa na uchaga, ule utaa ambao mahindi hupangwa yakaushwe na moshi, na ulikuwa mtupu, buibui wamejenga pembe zote. Kwenye chungu kando palikuwa na mizizi ya porini, ile inayochemshwa na kumwagwa maji na kuchemshwa tena mpaka uchungu utoke, na uchungu hautoki wote. Nilijua basi wanakula nini. Halafu akatuwekea sahani, na juu yake sima nyeupe. Nyeupe, ya mahindi yetu, inayotoa moshi, na kuku mzima kwa mchuzi. Mwaka ule sima nyeupe ilikuwa kama kuona maiti amekaa kitako.

"Mkaza mjomba, unga huu mmeupata wapi?"

"Kula, mwanangu."

"Watoto wamekula?"

"Kula wewe kwanza."

Watoto walikuwa mlangoni, mmoja amembeba mwenzake ubavuni, na macho yao yalifuata mkono wangu kutoka sahani hadi mdomoni na kurudi. Nilikula matonge mawili. Nilikuwa na njaa ya kula sahani yenyewe, lakini la tatu nikalishika mkononi. Ukuta ulikuwa wa udongo, na upande wa pili ndiko wazee walikoketi. Mueni hakujua Kigiriama. Mwanaesha alikijua cha sokoni. Mimi nilisikia yote.

"Ameuleta mwenyewe?" ilikuwa sauti ya mzee nisiyemjua.

"Mwenyewe," mjomba akajibu. "Tangu Ganda."

"Hakumpa mwenzake amshikie?"

"Hata kidogo. Wenzake wako mikono mitupu. Watu wamemwona njia nzima, wake zetu wamempigia vigelegele huko juu."

"Basi limekwisha. Sijaona mimi binti aliyejiletea mnazi wake. Amejibu kwa miguu."

"Tumwulize tu, kwa ajili ya desturi."

"Thoya, unga wa gunia la kwanza nimeuonja," akasema mwingine, wakacheka. "Ukiongeza mawili hayo mengine, na mimi nina binti."

Tonge likaniponyoka. Kwetu, mwanamume akitaka binti, watu wake huleta mnazi kwa wazee wa binti, nao hawaugusi mpaka binti aitwe aulizwe mbele ya wote kama wanywe au wasinywe. Akisema kunyweni, ameolewa. Akinyamaza, ni haya, na haya ni kukubali. Akikimbia bila kusema, wanakunywa, na wakishakunywa yeye ni mke wa mtu hata awe Malindi, hata awe Mombasa. Mzee Thoya nilimjua kwa jina. Alikuwa na duka na ghala la mahindi njia ya Vitengeni, wake wawili, na meno machache. Mvua haikuwamo kabisa katika habari hii.

Mwanaesha alikuwa ameacha kula. "Wanasema nini hao, Kadzo?" akanong'ona. "Nimesikia jina lako."

"Mnazi ule ni wa kuniolea mimi."

Akapangusa vidole kwenye buibui. Kisha akasema, "Baiskeli zi mlangoni. Twende sasa hivi. Mimi nitatangulia."

"Nikiondoka wanakunywa."

"Ni nini?" Mueni akauliza. "Mbona hamkuli?" Mwanaesha akamweleza kwa maneno machache, na Mueni akafunika uso kwa leso. "Ningebeba hiyo kitu," akasema. "Hata nusu ya njia. Wangeona mimi ndio nimebeba."

"Wangekuoa wewe," nikamwambia, na tukacheka, watatu, midomo imefungwa, mabega yakitikisika, huku mkaza mjomba akitutazama kama watu waliopandwa na pepo. Nataka wajukuu wajue kwamba tulicheka. Uchovu ukizidi hucheka wenyewe.

Nikaitwa. Nilitoka na nguo zenye povu lililokauka mgongoni, nikaketi ukingoni mwa mkeka nilioonyeshwa, miguu ikinitetemeka kwa pedeli, si kwa hofu, ingawa wao walidhani ni hofu na wakapendezwa. Mtungi ulikuwa mbele yangu, kibuyu cha kunywea kando yake, mirija tayari. Mzee Thoya aliketi upande wa pili. Hakuwa mtu mbaya, nasema kweli. Alikuwa na mikono mikubwa ya kazi, na alinitazama kama mtu anayetazama paa la nyumba aliyokusudia kulala. Mjomba akasafisha koo.

"Kadzo mwanangu. Mnazi huu unauona. Kuna mtu ameuleta kwa ajili yako. Je, tuunywe?"

Nikasema, "Mnazi huu nimeubeba tu. Msiunywe."

Mzee mmoja, aliyekuwa amekwisha kushika mrija wake, akacheka. "Umeubeba tu? Anayebeba tu ni punda."

"Basi leo mimi ni punda, babu. Na punda haolewi."

Mwanaesha, mlangoni, alikohoa. Wazee wawili walitazama chini kuficha midomo. Mjomba hakucheka. Alisogea karibu nami mpaka nikasikia pumzi yake, nayo ilikuwa pumzi ya mtu asiyekula, tamu na mbovu, na akasema polepole ili wengine wasione aibu yake: "Nimeliona tumbo la mwanangu mdogo likivimba. Wewe una mshahara, una mji. Sisi tuna uchaga ule uliouona. Usiniaibishe kwa ajili ya baiskeli."

"Ulisema ni ya mvua, mjomba."

"Na hii si mvua?" akasema.

Mzee Thoya akainua mkono. "Mwacheni apumue. Ametoka mbali. Aulizwe tena akishapoa." Mkaza mjomba alikuwa ametoka, amesimama na yule mdogo kiunoni, hanitazami hata. Angenitukana ingekuwa nafuu. Alisimama tu pale na mtoto yule mwenye nywele nyekundu za njaa, na sisi sote tukapumua.

Nitayasema yaliyofuata hapa hapa, nisirudi tena. Mjomba hakusema nami mpaka alipokaribia kufa, na hata hapo aliniomba maji tu. Lile gunia la kwanza Thoya hakulidai. Mshahara wangu wote uliobaki wa mwaka ule uligeuka unga wa manjano, na kila Jumapili ya mapumziko niliupandisha vilima vile kwenye keria ile, mara nyingine Mueni yuko nyuma akisukuma, mara nyingine Mwanaesha, ambaye unga haukuwa na dhambi kwake. Mkaza mjomba aliupokea bila kunikaribisha kuketi. Yule mdogo aliishi, ana watoto wake sasa, na tukikutana sokoni ananiita dada mkaidi. Nimekwisha kuolewa na mtu niliyemtaka, akanipiga mara mbili, nikamwacha, nikaolewa na mwingine aliyekuwa mwema na akafa mapema. Sikusema kwamba nilichagua vizuri. Watu wananiuliza kama najuta, na swali lenyewe linanichosha kuliko vilima. Kuna siku nadhani wangekula vizuri mwaka mzima, na mimi ningekuwa mke wa tatu wa mtu mwenye ghala, na jua lingechomoza. Kuna siku siwazi hivyo.

Lakini alasiri ile sikujua hata moja katika hayo. Nilijua miguu inaniuma, mgongo unanata, na kwamba nyuma yangu kuna vilima vyote vya kurudi. Mtungi ulikuwa bado ukitoa povu, taratibu, ukisema peke yake. Wazee walikuwa wakiutazama kwa kiu ya kweli. Mjomba akarudi mahali pake, akaketi, akaweka mikono magotini, na sauti yake safari hii haikuwa ya desturi, ilikuwa ya kuomba.

"Kadzo. Nakuuliza mara ya mwisho mbele ya watu hawa. Mnazi huu tuunywe?"

Nikamtazama mkaza mjomba kwanza, nikamtazama mtoto, nisije nikasemwa kwamba sikuwaona. Kisha nikasema, kwa sauti ya kutosha kufika mpaka ndani ya nyumba:

"Mnazi huu nimeubeba tu. Msiunywe."